Uvumilivu Si Mazoea: Uhakiki wa Istilahi za Ubongo na Dawa

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu ili zipitiwe kabla ya kupigwa chapa, mara chache hutokea moja ambayo kosa la neno ndani yake laweza kumpeleka mtu kaburini. Kwa kawaida kosa la istilahi humtia msomaji katika utata, au humchekesha, au humfanya akiweke kitabu kando arudie lugha ya kigeni. Mswada tunaotaka kuuzungumzia hapa ni wa namna nyingine. Ni kijitabu cha kurasa chache kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya watu wanaotibiwa uraibu wa heroini, pamoja na wazazi na ndugu wanaowauguza. Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyomtuma, kwa kuwa kusudi letu si kumwaibisha mtu. Kusudi letu ni kuyapima maneno aliyoyatumia, kuonyesha yalipopotoka, na kupendekeza mengine.

Haja ya kijitabu hicho haina ubishi. Tanzania Bara ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari mwaka 2011, na tangu hapo huduma hiyo imeenea katika miji mingine. Kenya nayo ikafuata miaka michache baadaye. Wanaoihitaji huduma hiyo wengi wao huzungumza Kiswahili tangu utotoni, na hukutana na mganga na muuguzi kwa Kiswahili. Lakini elimu yenyewe, yaani namna seli za ubongo zinavyopashana habari kwa kemikali na namna dawa inavyoingilia mazungumzo hayo, imekaa katika vitabu vya Kiingereza. Mfasiri ndiye daraja. Daraja likiwa bovu, avukaye ndiye aangukaye.

1. Jambo lenyewe

Hatuwezi kuhukumu jina kabla ya kukijua kitu kinachoitwa. Kwa hiyo yafaa tueleze kwanza, kwa maneno ya kawaida, jambo ambalo istilahi hizi zinalihudumia.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli hupeleka mshtuko mdogo wa umeme katika mkia wake mrefu mpaka ncha. Hapo umeme hufika ukingoni, kwa maana baina ya ncha hiyo na seli inayofuata mara nyingi pana mwanya wa nanomita 20 hivi, yaani sehemu 20 kati ya sehemu milioni moja za milimita. Umeme hauruki mwanya huo. Badala yake ncha humwaga kemikali iliyokuwa imehifadhiwa katika vifuko vidogo. Kemikali huvuka mwanya, hujipachika katika protini maalumu zilizo juu ya seli ya pili, na seli hiyo ama huchangamka ama hutulia. Kisha kemikali huondolewa, ama kwa kuvunjwavunjwa, ama kwa kufyonzwa na kurudishwa katika seli iliyoimwaga.

Jambo hilo halikukubaliwa upesi. Mwaka 1921 Otto Loewi, huko Graz nchini Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ingali ikipiga ndani ya maji ya chumvi. Akaishtua neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, na moyo ukapunguza mapigo. Kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo huo, akayatia katika moyo wa pili ambao haukuguswa neva yake. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo. Ilidhihirika kwamba neva ilikuwa imetoa kitu ndani ya maji. Loewi, akiandika kwa Kijerumani, alikiita kwa maneno mepesi kabisa ya lugha yake, "kitu cha vagasi". Baadaye ikajulikana kuwa ni asetilikolini. Mwaka 1936 yeye na Henry Dale wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel.

Tumelitaja jina hilo la "kitu cha vagasi" kwa makusudi. Wapo wenzetu wanaodhani kwamba sayansi haina budi kuzaliwa katika Kiyunani na Kilatini. Loewi hakuona haya kutumia neno la sokoni, wala hakuna aliyemwambia kwamba lugha yake ni changa.

2. Maneno ya viungo vya habari

Mfasiri wetu ameanza kwa kuita neva "mshipa wa fahamu". Hili ni neno la siku nyingi, na watu wengi wanalifahamu. Lakini lina kasoro mbili. Kwanza, "mshipa" umebebeshwa mizigo mingi mno: ni njia ya damu, ni mshipi wa nyama, na tena ni jina la ugonjwa. Msomaji akiambiwa kwamba dawa imeingia katika "mishipa", hufikiri damu. Pili, "fahamu" si kazi ya neva zote. Neva ya vagasi hupunguza mapigo ya moyo pasipo mwenye moyo kujua. Tunaona afadhali neno "neva", ambalo walimu wa biolojia wamekwisha kulizoea, na seli yake iitwe "seli ya neva". "Mshipa wa fahamu" ubaki katika maelezo ya mdomo, mahali ambapo muuguzi anataka kueleweka upesi.

Mahali seli mbili zinapokaribiana mfasiri ameita "kiungo". Hapa hatukubaliani naye hata kidogo. Kiungo ni mkono au mguu. Kiungo ni goti. Viungo ni bizari na iliki. Zaidi ya hayo, kiungo huunganisha, na seli hizi hazikuunganika. Twafahamu kilichompoteza. Ameliendea asili ya neno la kigeni, lililotungwa mwaka 1897 na Charles Sherrington kwa msaada wa mtaalamu wa Kiyunani, likiwa na maana ya kushikana. Siku hizo hakuna aliyekuwa ameuona mwanya. Ulionekana katika miaka ya 1950 kwa darubini ya elektroni, na jina likabaki lilivyokuwa ingawa kitu kimeonekana kuwa kinyume chake. Fundisho ni hili: anayefasiri istilahi hufasiri dhana, hafasiri nasaba ya neno. Kwa mahali hapo tunapendekeza "sinapsi", neno la kimataifa lililovikwa sauti za Kiswahili, na nafasi iliyo katikati iitwe "mwanya wa sinapsi". Mwanya kila mtu anaujua, hata wa meno.

Kemikali inayovuka mwanya mfasiri ameiita "mpelekaji", na kuitia katika ngeli ya watu: "mpelekaji anavuka, wapelekaji wanarudi." Mtoto wa shule akisoma hivyo atadhani kuna viumbe ndani ya kichwa chake. Tunapendekeza "kijumbe", wingi wake "vijumbe". Tunajua pingamizi litakaloletwa: kijumbe ni yule mama anayekusanya fedha za mchezo mtaani na kumkabidhi ambaye zamu yake imefika. Pingamizi hilo kwetu ni sifa. Kijumbe wa mchezo hutoa kwa huyu akampa yule, na fedha si zake. Wala hawatachanganyika, kwa sababu sarufi inawatenga: kijumbe wa mtaani *amefika*, kijumbe cha neva *kimefika*. Lugha yenye ngeli haina sababu ya kuogopa neno lenye maana mbili.

Protini inayopokea kijumbe ameiita "mpokeaji". Kosa ni lile lile la ngeli, na dawa yake ni nyepesi: "kipokezi". Dhana hii nayo ilianza na maneno ya kawaida. Mwaka 1905 John Newport Langley wa Cambridge, akichunguza nikotini na misuli, alisema tu kwamba lazima pawe na "dutu pokezi" katika seli. Ilipofika mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder huko Baltimore walionyesha vipokezi vya afyuni katika ubongo. Na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen katika Uskochi, walitangaza kwamba ubongo wenyewe hutengeneza vijumbe vinavyofaa vipokezi hivyo. Kumbe mlango haukuwekwa kwa ajili ya afyuni. Afyuni ni mgeni mwenye ufunguo unaofanana na wa mwenye nyumba.

Tumesema "afyuni" kwa kukusudia. Mfasiri ametumia "opioidi" bila maelezo, ilhali lugha yetu inalo neno la kale. Tena inalo la pili, "kasumba", ambalo lilikuwa jina la afyuni hiyo hiyo kabla ya kupata maana ya fikra mbovu zilizopandikizwa na wakoloni. Neno hili la pili limekwisha kwenda mbali katika siasa, halifai kurudishwa hospitalini. Lakini "dawa za jamii ya afyuni" ni fungu la maneno linaloeleweka, na lina heroini, mofini na methadoni ndani yake.

3. Maneno ya kazi ya dawa

Hapa ndipo mswada unapoanza kuwa wa hatari.

Dawa huweza kumfanyia kipokezi moja kati ya mambo mawili makubwa. Yaweza kujipachika na kukiamsha kama kijumbe chenyewe kingefanya. Au yaweza kujipachika bila kukiamsha, ikawa imekalia nafasi tu na kumzuia mwingine asiingie. Mfasiri ameita dawa ya kwanza "mshindani" na ya pili "adui". Tena ametoa mfano: "Naloksoni ni adui wa heroini."

Tazama jinsi neno hilo litakavyotafsiriwa na mzazi. Adui huua. Kijana amezidisha heroini, pumzi zimekaribia kukatika, amepigwa sindano ya naloksoni, ameamka. Mzazi atasema adui amekwisha kuishinda heroini, basi twende nyumbani. Lakini naloksoni haikuiharibu heroini hata chembe. Imeisukuma tu kutoka katika vipokezi na kuikalia nafasi yake. Nguvu ya naloksoni huisha kwa kawaida baada ya dakika 30 hadi 90, na dawa iliyozidishwa yaweza kuwa ingalimo mwilini. Vipokezi vikibaki wazi, huirudia, na pumzi zaweza kukatika mara ya pili, safari hii usingizini na hakuna anayetazama. Neno "adui" limeficha jambo ambalo mzazi alihitaji kulijua kuliko yote.

Je, tuite nini? Tulifikiria kwanza "kiamshi" na "kizuizi". "Kizuizi" ni kipana mno, kwani hata polisi huweka vizuizi barabarani. "Kiamshi" kina kasoro ya ndani zaidi. Heroini huamsha kipokezi lakini humlaza mtu. Tukiiita kiamshi, msomaji atachanganya linalotokea katika kipokezi na linalotokea kwa mtu mzima. Basi tukarudi katika nyumba ya Kiswahili chenyewe. Tunayo "kifungua kinywa" na "kifungua mimba", maneno yaliyojengwa kwa kitenzi na yambwa yake. Kwa kufuata muundo huo tunapendekeza "kifungua-kipokezi" na "kiziba-kipokezi". La kwanza ni ufunguo unaozunguka ndani ya kufuli. La pili ni kitu kilichochomekwa katika tundu la ufunguo: hakifungui, wala hakimruhusu mwingine afungue. Anayejua kizibo cha chupa anajua pia kwamba kizibo hakiharibu kilichomo ndani ya chupa, na kwamba kikitoka, kilichomo chaweza kumwagika. Maana nzima ya hatari ya naloksoni imo ndani ya jina.

Istilahi njema huzaa. Buprenofini hukifungua kipokezi kwa kiasi tu: itakuwa "kifungua-kipokezi nusu". Kafeini iliyo katika kahawa huziba vipokezi vya adenosini, kijumbe kinacholeta uchovu: ni kiziba-kipokezi. Mwalimu anaweza kuutumia mfano huo darasani, kwa kuwa unaonyesha wazi jambo tulilolisema juu: heroini hufungua na mtu hulala, kahawa huziba na mtu huchangamka. Yote hutegemea kipokezi kilichoguswa kina kazi gani.

Kurudishwa kwa kijumbe katika seli iliyokimwaga mfasiri amekuita "kunywa tena". Twapendekeza "urejeshaji". Dawa nyingi za sonona, kama fluoksetini, huzuia urejeshaji wa serotonini. Kokeni huzuia urejeshaji wa dopamini. Kwa neno moja mwanafunzi huona kwamba dawa ya hospitali na dawa ya uchochoroni zaweza kutumia mlango wa aina moja, ingawa vijumbe vinavyohusika, kasi na matokeo ni tofauti.

Kuhusu dopamini yenyewe, mswada unaiita "homoni ya furaha", na lawama hapa si ya mfasiri peke yake, maana maneno hayo husikika hata redioni. Katika kazi tunayoizungumzia dopamini si homoni, kwa kuwa haisafiri katika damu, huvuka mwanya. Wala si furaha. Majaribio ya Wolfram Schultz kwa nyani katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba seli za dopamini huchangamka zaidi pale jambo jema linapokuja bila kutarajiwa, na kwamba mnyama akishajifunza dalili inayotangulia, huchangamka kwa dalili hiyo, si kwa tunu yenyewe. Ndiyo maana mtu aliyeacha unga hushikwa na hamu kali anapopita tu karibu na maskani yake ya zamani. Ukimwambia ni "homoni ya furaha" hutaweza kumweleza kwa nini anakumbushwa na ukuta.

4. Maneno matatu yenye uzito

Tumeyaweka mwisho maneno matatu ambayo kwetu ndiyo kiini cha uhakiki huu.

La kwanza ni lile la kichwa cha makala. Mtu anayetumia heroini kila siku, seli zake hujirekebisha: vipokezi huitikia kwa unyonge zaidi, na kiasi kilichomtosha jana leo hakimtoshi. Hali hiyo mfasiri ameiita "uvumilivu". Kisha akaandika hivi: "Baada ya kuacha unga kwa wiki kadhaa, uvumilivu wa mgonjwa hupungua, akirudia kiasi chake cha zamani anaweza kufa."

Tuliwasomea sentensi hiyo watu watatu wasio wataalamu: karani mmoja, dereva mmoja, na mama mmoja mwenye duka. Wote watatu walielewa kitu kimoja. Mgonjwa ameshindwa kuvumilia, amekata tamaa, amerudia unga. Jamaa zake wamtie moyo awe na subira. Hakuna hata mmoja aliyetambua kwamba kiasi kile kile ambacho mwili ulikimudu mwezi uliopita sasa ni sumu ya kuua, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi haijakizoea tena. Wala hatuwezi kuwalaumu. Katika lugha yetu uvumilivu ni sifa ya moyo. Mvumilivu hula mbivu. Mtu aliyelelewa kwa methali hiyo hawezi kusoma "uvumilivu hupungua" akaona mizani ya dawa. Tena kuna balaa zaidi: kijana aliyetoka gerezani au katika nyumba ya kuacha unga atajiona kuwa uvumilivu wake umeongezeka, kwa kuwa amekaa miezi mitatu bila kuonja. Kwa Kiswahili yuko sahihi. Kwa maana ya mswada yumo hatarini kuliko siku zote.

"Ustahimilivu" unaotumiwa na baadhi ya waandishi ni ndugu wa uvumilivu, na una kasoro ile ile. "Usugu" tayari umekabidhiwa vijidudu visivyosikia dawa, na ni vema ubaki huko. Tunapendekeza "mazoea ya mwili". Twatambua kwamba "mazoea" peke yake ni tabia. Ndiyo sababu tunasisitiza fungu zima, lisikatwe. Na panapowezekana litumike tendo badala ya jina: "Mwili hauizoei tena dawa. Kiasi cha zamani sasa kinaua." Tuliwarudia watu wale watatu kwa sentensi hizo. Mama mwenye duka alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mtu aliyewaambia hivyo vijana wa pale kituoni.

La pili ni maumivu yanayompata mtu anapoikosa dawa aliyoizoea: jasho, vinyweleo kusimama, machozi na makamasi, tumbo la kuhara, mifupa kuuma. Chanzo chake nacho ni cha kemikali. Heroini hutuliza seli zinazomwaga noradrenalini. Seli nazo, ili zitimize kazi yake, huongeza nguvu zake za ndani. Heroini inapoondoka, nguvu ile iliyoongezwa haina kinachoituliza. Mfasiri ameandika "dalili za kujitoa". Mtu hujitoa katika uchaguzi, au katika chama. Msomaji ataelewa kwamba hizo ni dalili za mgonjwa anayetaka kuacha matibabu. Tulijaribu "dalili za ukosefu wa dawa", tukaliacha mara moja, maana ukosefu wa dawa ni habari ya bohari na zahanati.

Hata hivyo neno lipo, na wenye maumivu wenyewe ndio walio nalo: *arosto*. Yeyote aliyefanya kazi na watumiaji wa unga katika Dar es Salaam amelisikia. Baadhi ya wenzetu watakunja uso. Watauliza kama Baraza la lugha linafaa kuokota maneno vijiweni. Tunajibu kwamba utaratibu wetu wa kuunda istilahi huanzia katika Kiswahili kinachosemwa kabla ya kwenda kukopa ng'ambo, na arosto inasemwa. Ni fupi, haina maana nyingine ya kuichanganya, na haimtukani mtu. Hatusemi vivyo hivyo kuhusu "teja". Neno hilo humgeuza mtu kuwa ugonjwa wake, na halifai kuandikwa na serikali wala na hospitali. Arosto hutaja maumivu. Teja humhukumu mwenye maumivu. Kutoka mtaani si kosa la neno. La kuangaliwa ni linamfanyia nini anayeitwa.

La tatu ni "utegemezi". Mswada umetumia neno hili kwa mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe. Kuna mwili kuhitaji dawa, kiasi kwamba ikikatizwa ghafula huja arosto. Na kuna mtu kuisaka dawa na kuitumia bila kuweza kujizuia, hata kama inamharibia kazi, ndoa na afya. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa maumivu mwili wake waweza kuihitaji, na asiwe na la pili hata kidogo. Anayekunywa methadoni kila siku mbele ya muuguzi, kisha akaenda kazini, mwili wake unaihitaji; lakini methadoni huingia polepole, hudumu kwa saa 24 na zaidi, haimpandishi wala kumshusha, naye amerudishiwa uwezo wa kupanga siku yake. Mswada unapowaita wote "wategemezi", ndugu husema, "Basi amebadilisha unga kwa unga mwingine," wakamkataza kwenda kliniki. Na huyo mgonjwa wa saratani hunyimwa mofini na jamaa wanaomwonea huruma.

Tunapendekeza "utegemezi wa mwili" kwa hali ya kwanza, na "uraibu" kwa ya pili. Uraibu ni neno la kale. Katika matumizi ya pwani lilihusishwa na tambuu, tumbaku na kahawa, na limekwisha kuingia katika matumizi ya leo kwa maana hii nzito zaidi. Anayeugua aitwe "mraibu" pale tu inapolazimu, na kwenye kliniki aitwe "mgonjwa" kama wagonjwa wengine.

Neno moja la pembeni kuhusu "madawa ya kulevya". Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inasema "dawa za kulevya", nasi twaunga mkono: dawa ni ya ngeli ya i-/zi-, haina haja ya ma-. Lakini twaonya kwamba fungu hilo ni la kisheria. Nikotini haimlevyi mtu, na inaleta uraibu. Methadoni ni ya jamii ya afyuni, na kwa kipimo chake hutibu. Mwenye kueleza kazi ya ubongo aitaje dawa kwa jina lake.

5. Neno kwa mfasiri

Tusije tukamdhulumu mfasiri. Amepewa kurasa za lugha ngumu, siku chache, na huenda kamusi ya lugha mbili ya kawaida tu. Kamusi humpa "uvumilivu" bila kumwambia ni uvumilivu wa nani. Sentensi zake ni nyofu, na sura yake juu ya wajibu wa familia imeandikwa kwa Kiswahili kizuri ambacho tungependa wataalamu wa tiba wakiige. Kosa lake kubwa ni moja: hakumsomea mtu yeyote alichokiandika. Sisi nasi tunalo letu. Tumekuwa tukizoea kusanifu orodha za maneno na kuziweka kabatini, kana kwamba istilahi hukamilika pale inapoandikwa. Istilahi ya tiba hukamilika pale mgonjwa anapofanya kile ambacho mganga alikusudia.

Kwa ufupi, mapendekezo yetu ni haya:

1. Neva, seli ya neva.
2. Sinapsi, mwanya wa sinapsi.
3. Kijumbe (vijumbe), katika ngeli ya ki-/vi-.
4. Kipokezi (vipokezi), kipokezi cha afyuni.
5. Kifungua-kipokezi, kifungua-kipokezi nusu, kiziba-kipokezi.
6. Urejeshaji wa kijumbe.
7. Mazoea ya mwili, kamwe si uvumilivu.
8. Arosto.
9. Utegemezi wa mwili, uraibu.

Haya ni mapendekezo, si maamuzi. Tunawaomba walimu wayajaribu darasani, wafasiri wayapime katika kazi zao, na maofisa wa afya wayasome kwa sauti mbele ya watu wanaohusika, kisha watuandikie. Atakayetuletea neno bora kuliko "mazoea ya mwili" tutalipokea kwa shukrani na kulichapisha katika toleo lijalo. Mswada tumeurudisha kwa mwenyewe ukiwa na masahihisho, na sentensi ile moja tumeipigia mistari miwili.